Ilimu Haina Miguu: Utafiti wa Ukimwi Ulivyobisha Hodi Nyanza

Sisi tuliopitia chuoni tungali wadogo, tukakaa mkekani na mbao zetu mapajani, tulifundishwa mapema kwamba ilimu na amali ni ndugu wa tumbo moja. Ilimu isiyo na amali, walimu wetu wakitwambia, ni mti usiozaa: una majani, una kivuli, lakini mwenye njaa akiutikisa haliangui tunda. Neno hilo wengi wetu tulilichukua kuwa ni la mambo ya dini peke yake. Lakini mtu akikaa akatazama jinsi nchi hii ilivyopambana na Ukimwi, tangu mgonjwa wa kwanza alipotambuliwa hapa Kenya mwaka 1984, ataona kuwa neno hilo ni la dunia pia.

Mabingwa wa sayansi wamegundua mengi katika miaka hiyo. Wamejua kirusi kinaingiaje mwilini, kinajificha wapi, na kitu gani hukizuia. Waama, kujua si kazi ndogo. Lakini iko kazi ya pili ambayo magazetini haipewi kichwa kikubwa, nayo ni ya kulitoa jambo katika jarida la kitabibu lililoandikwa kwa Kizungu kigumu, likafika kwa mvuvi wa Dunga na mwendesha bodaboda wa Ahero, akalielewa, akaliamini, na akalifanya. Ilimu haina miguu. Haiwezi kutembea yenyewe kutoka Chuo Kikuu hadi kijijini. Lazima ibebwe, na abebaye lazima ajue kubisha hodi.

Mfano nitakaouleta leo ni wa tohara ya wanaume katika uliokuwa Mkoa wa Nyanza. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa mambo machache ya kinga ya Ukimwi yaliyothibitishwa kwa utafiti uliofanyika hapa hapa kwetu. Pili, ni jambo lililogusa mila, lugha na heshima za watu, na kwa hiyo ni haki yake kuzungumzwa katika ukurasa huu wa utamaduni, wala lisiachiwe madaktari peke yao.

NENO LENYE UCHUNGU

Kwetu Pwani tohara si habari. Mtoto wa kiume hupashwa tohara akiwa mdogo, zamani kwa ngariba na siku hizi aghalabu hospitalini, kukapikwa, kukaliwa, mambo yakesha. Hatujiulizi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na asili ya maana yake ni usafi. Ndiyo maana tunasema mtu ana tohara tukimaanisha yu safi, anafaa kusimama kuswali.

Sasa hebu msomaji lichukue neno hilo ulipeleke kwa Wajaluo, ambao mila yao haikuwa na jando. Kijana wa Kijaluo wa zamani aliingia utu uzima kwa kung'olewa meno sita ya mbele ya chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama yake ya ukabila na ya ujasiri. Mtu akienda kwao akawaambia watiwe tohara, huku neno lenyewe lina usafi tumboni mwake, atakuwa amewaambia nini? Atakuwa amewaambia kuwa wao na baba zao na babu zao walikuwa wachafu.

Tena uchungu haukuwa wa lugha tu. Katika siasa za Kenya kutotahiriwa kumekuwa tusi kwa miaka mingi. Kuna walioambiwa hadharani kuwa hawafai kuongoza nchi kwa kuwa wao bado ni wavulana. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipowaka moto, tusi liligeuka kisu. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, katika ripoti yake ya mwaka 2008, iliandika juu ya wanaume waliokamatwa wakakatwa kwa nguvu, na wengine wakafa kwa majeraha. Msomaji ulishike hilo, kwa maana ni katika mwaka huo huo wa 2008 serikali iliposimama kuwaambia vijana wa Nyanza: njooni mtahiriwe, ni kwa faida yenu.

HESABU ZA KISUMU

Na faida ilikuwepo kweli. Tangu miaka ya 1980 watafiti, wakiwemo waliofanya kazi Nairobi, walikuwa wameona kuwa wanaume wasiotahiriwa huambukizwa zaidi kuliko waliotahiriwa. Lakini kuona si kuthibitisha. Huenda tofauti ilitokana na dini, au mwenendo, au mahali watu wanapoishi. Ndipo zikafanywa tafiti tatu kubwa: moja Orange Farm, Afrika Kusini, moja Rakai, Uganda, na moja Kisumu.

Ule wa Kisumu ulianza mwaka 2002. Ulisimamiwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vikuu vya Illinois huko Chicago na Manitoba huko Kanada, na miongoni mwa viongozi wake walikuwa Profesa Robert Bailey na Profesa J.O. Ndinya-Achola. Vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, wote hawana virusi na wote hawajatahiriwa, walikubali kwa hiari yao kugawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja lilitahiriwa papo hapo, na fungu la pili likaambiwa lingoje miaka miwili. Wote walipewa nasaha na mipira ya kinga bila ya ubaguzi.

Mwezi wa Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Haukusimamishwa kwa kushindwa, la hasha! Ulisimamishwa kwa kuwa jawabu lilikwisha kuwa wazi, na haingekuwa insafu kuwanyima waliobaki. Katika fungu lililotahiriwa walikuwa wameambukizwa vijana 22. Katika fungu lililongoja, 47. Utafiti wa Rakai, uliokuwa na wanaume 4,996, ulisimamishwa wakati ule ule na kutoa habari ile ile. Wa Orange Farm, wenye wanaume 3,274, ulikuwa umekwisha kutangazwa mwaka 2005. Ukiziweka pamoja, tohara ilipunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa nusu na zaidi, hadi kiasi cha asilimia 60.

Sababu yake si uchawi. Ngozi ya ndani ya govi ni laini, nayo imejaa chembechembe za mwili ambazo kirusi hupenda kuzishika. Tena chini yake hukaa unyevu, na vidonda vidogo hutokea kwa wepesi. Ngozi hiyo ikiondolewa, mlango mmoja wa adui umezibwa.

Mwezi wa Machi 2007 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia Ukimwi, yalizishauri nchi zenye maambukizo mengi na tohara chache zilitie jambo hili katika mipango yao. Nyanza ilikuwa mahali penyewe hasa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka huo wa 2007 ulionyesha kuwa watu wazima 7 katika kila 100 nchini walikuwa na virusi, lakini Nyanza walikuwa 15.

Kwa hiyo ilimu ilikuwa tayari. Ingekuwa ilimu ina miguu, hadithi yangu ingekomea hapa.

HODI KWA WAZEE

Baraza la Wazee wa Kijaluo lilipolisikia jambo hili, mwanzo lilikataa. Magazeti mengine yaliandika kana kwamba wazee ni wajinga wasiopenda maendeleo. Nadhani walioandika hivyo hawakuwauliza.

Hapa Mombasa ninaye jirani, mzee wa Kijaluo aliyestaafu kazi ya bandarini, ambaye tumekunywa kahawa pamoja miaka mingi. Nilimwuliza, "Jaduong', hivi wazee wenu walikuwa wanakataa nini hasa?"

Alicheka kwanza, kisha akaweka kikombe chini. "Bwana Mshairi," akasema, "nyinyi watu wa Pwani mkisema tohara mnasema usafi. Sasa mimi nikiikubali hiyo tohara yako leo, je, nimekubali kuwa baba yangu alizikwa mchafu?"

Sikuwa na la kumjibu. Akaendelea mwenyewe. "Lakini walipokuja tena wakasema haya ni matibabu, kama vile chanjo, na kila mtu na hiari yake, tukasema basi, kijana akitaka aende. Ila asirudi kuniambia kuwa yeye sasa ni mwanamume kuliko mimi."

Katika maneno hayo machache ya mzee wangu imo siri yote ya kazi ile. Walioibeba ilimu kwenda Nyanza, na wengi wao walikuwa wenyeji wa huko huko, kama vile Dakta Kawango Agot aliyekuwa katika utafiti wa Kisumu tangu awali, walifahamu kuwa kisu kile kina majina mawili. Jina la kwanza ni mila, na mila haiingizwi kwa amri ya wizara. Jina la pili ni tiba, na tiba humfaa mtu wa kabila lolote. Mpango ukaitwa tohara ya hiari ya kitabibu, na maneno hayo mawili, hiari na kitabibu, ndiyo yaliyoubeba. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na kumbi, wala hapakuwa na mtu kuambiwa kuwa sasa ametoka utotoni.

Kadhalika walikuwa wamekwisha kuuliza kabla ya kuja kuhubiri. Miaka kadhaa kabla ya utafiti mkubwa kwisha, wanaume na wanawake wa Nyanza walihojiwa, na wengi wa wanaume wakasema wangetahiriwa lau ingekuwa salama na bei yake nafuu. Tena tohara haikuwa ngeni kabisa miongoni mwa Wajaluo wenyewe. Kanisa la Nomiya, lililoasisiwa na Johana Owalo mwanzoni mwa karne ya 20, huwatahiri watoto wake wa kiume, na hakuna aliyethubutu kusema kuwa waumini wake si Wajaluo.

Mazungumzo na wazee yaliendelea mwaka wote wa 2008. Wanasiasa wa Kijaluo, na mbele yao hayati Raila Odinga aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, walisimama hadharani kuwaunga mkono madaktari. Wazee nao wakafika mahali pa kusema kuwa hawaifanyi tohara kuwa mila ya Kijaluo, lakini hawatamzuia mtu aitakaye kwa afya yake. Mwezi wa Novemba 2008 mpango ukazinduliwa.

Angalia basi, msomaji. Utafiti wenyewe ulikuwa umekwisha tangu Desemba 2006. Karibu miaka miwili ilikwenda katika kubisha hodi, kuandika taratibu na kungoja sauti ya "karibu" kutoka ndani. Wapo watakaosema ni miaka iliyopotea. Mimi nasema lau wangeingia bila hodi, katika mwaka ule wa damu, mlango ungefungwa kwa kizazi kizima.

MAHEMA YA USIKU

Baada ya kukaribishwa ikaja kazi ya mikono, nayo ina mafunzo yake. Madaktari wa Nyanza walikuwa wachache, wasingeweza kuwatahiri wanaume kwa malaki. Mwaka 2009 serikali ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuifanya kazi hiyo. Mahema yakapigwa karibu na masoko na fuo za ziwa, ili mtu asiende hospitali ya mbali. Baadhi ya vituo vikafunguliwa usiku, kwa ajili ya wanaume wasiotaka kuonekana mchana wakipanga mstari pamoja na watoto wao. Na katika likizo ya mwisho wa mwaka 2009, kwa muda wa siku 30 za kazi, walitahiriwa zaidi ya wanaume 36,000.

Lakini walioitika kwa wingi walikuwa wavulana na vijana. Wanaume wa makamo, wenye wake na watoto, walibaki nyuma. Watu wakadhani ni haya, au ni hofu ya maumivu. Watafiti wakarudi tena kuuliza, na miongoni mwa majawabu waliyopata lilikuwamo moja rahisi sana: mwanamume anayekula kwa jasho la siku hawezi kukaa kitandani siku mbili tatu. Mvuvi asipoingia ziwani, nyumbani hakuinjikwi chungu.

Ndipo ukafanywa utafiti mwingine, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Wanaume 1,504 wa Nyanza, wa umri wa miaka 25 hadi 49, waligawanywa mafungu. Wengine waliahidiwa vocha ya chakula ya shilingi 200 endapo watatahiriwa, wengine ya shilingi 700, wengine ya shilingi 1,200, na wengine hawakuahidiwa vocha ya fidia. Kwa wasioahidiwa walitokea wanaume wasiofika 2 katika 100. Kwa shilingi 200 hali ilikuwa karibu ile ile. Kwa shilingi 700 walitokea 6 hadi 7 katika 100, na kwa shilingi 1,200 walitokea 9.

Mwenye haraka atasema wanaume walinunuliwa. Sivyo. Shilingi 1,200 haimnunui mtu mwili wake. Inamlipia nauli na unga wa siku alizokosa kazi. Na ona kuwa hata hivyo 91 katika 100 hawakuja, kwa hiyo si fedha tu iliyokuwa ikiwazuia. Ila wale waliokuja walitufundisha kuwa pengine tunayemwita mkaidi si mkaidi. Ni mtu mwenye hesabu zake, nasi hatujaziuliza.

Kazi yote hiyo ilizaa tunda lionekanalo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 ulikuta wanaume 48 katika 100 wa Nyanza wametahiriwa, wakihesabiwa na Wakisii na Wakuria ambao kwao ni mila. Uchunguzi wa mwaka 2012 ukakuta 66. Na katika nchi 15 za mashariki na kusini mwa Afrika zilizolifuata shauri lile la mwaka 2007, kufikia mwisho wa mwaka 2022 walikuwa wametahiriwa kwa njia hii zaidi ya wanaume milioni 35.

DAU LENYE NYUFA NYINGI

Hapa nataka kutia neno la tahadhari, hasa kwa ndugu zangu wa Pwani wanaosoma haya huku wakipigapiga vifua na kusema, "Sisi tulitangulia."

Baharia anayetia kalafati ufa mmoja wa dau hatupi ndoo yake ya kutolea maji. Tohara huziba ufa mmoja, na huo wenyewe hauuzibi wote. Ikiwa hatari imepunguzwa kwa asilimia 60, basi asilimia 40 ingali ipo ikimngoja mtu. Aliyetahiriwa akaiacha mipira ya kinga kwa kujiona ana hirizi amejidanganya. Tena haimkingi mke wa mtu mwenye virusi. Utafiti wa Rakai ulionyesha hivyo. Na aliyetahiriwa asipongoja wiki sita kidonda kipone, badala ya kuziba mlango amefungua dirisha.

Wala tusidhani kuwa mila peke yake yatosha kuifanya tohara iwe salama. Watafiti waliowafuata vijana 1,007 wa Bungoma, ambako tohara ni mila kubwa na yenye fahari, waligundua kuwa waliotahiriwa kwa ngariba 35 katika 100 walipata madhara, kama kutokwa damu nyingi na vidonda kuoza. Hata waliopelekwa hospitalini na zahanati 18 katika 100 walipata madhara, kwa kuwa waganga wao hawakufunzwa vyema wala hawakuwa na vifaa. Kisumu, walikofunzwa wakasimamiwa, walikuwa chini ya 2 katika 100. Hapo ilimu ikarudi kuwafundisha hata wenye mila.

VIDONGE VYA BONDO

Si kila mara ilimu ilipokelewa hivyo. Katika Nyanza hiyo hiyo, mjini Bondo, pamoja na miji mingine ya Tanzania na Afrika Kusini, wanawake 2,120 waliingia katika utafiti wa vidonge vya kinga, ambavyo mtu asiye na virusi humeza kila siku ili asiambukizwe. Mwezi wa Aprili 2011 utafiti huo ulisimamishwa. Katika waliopewa dawa ya kweli waliambukizwa 33, na katika waliopewa vidonge visivyo na dawa waliambukizwa 35. Ni kama hakuna tofauti.

Je, dawa ilikuwa bure? Hapana. Mwaka ule ule, utafiti wa watu 4,747 hapa Kenya na Uganda, ambao kila mmoja alikuwa na mwenzi mwenye virusi, ulionyesha kuwa vidonge vile vile vilipunguza maambukizo kwa asilimia 75. Tofauti ilikuwa katika kumeza. Damu za wanawake wa utafiti uliosimamishwa zilipopimwa, hazikufika 40 katika 100 zilizokuwa na dawa ya karibuni. Wengi walikuwa wakihudhuria kliniki, wakipokea vidonge, wakisema wamevimeza, kumbe viko kikoponi.

Tusiwalaumu upesi. Wengi wa wanawake hao walijiona hawamo hatarini. Na mtu mzima kumeza dawa kila siku hali haumwi ni kazi ngumu, seuze mwanamke anayeishi na mkwe wake na mawifi, na kikopo chenyewe kikitikiswa kinalia, tena kinafanana na kikopo cha wagonjwa wa Ukimwi. Mke wa nyumba kubwa ataanza wapi kueleza? Wale waliokuwa na mwenzi mwenye virusi walijua wanajikinga na nini, na aghalabu nyumbani palikuwa na mtu wa kuwakumbusha. Dawa moja, nyumba mbili tofauti. Hodi ilibishwa kliniki, haikubishwa jikoni.

NA SISI WA PWANI JE?

Sisi mlango wetu uliopasuka ni mwingine. Unga umeingia Mombasa, Malindi na Lamu tangu miaka mingi, na vijana wetu wengi wamehama kuuvuta wakaanza kujidunga, wakipeana sindano moja mkono kwa mkono. Hapo tohara haisaidii kitu. Kirusi hakipiti mlangoni, kinapita moja kwa moja mshipani.

Utafiti wa nchi nyingi umekwisha kuonyesha kuwa wanaojidunga wakipewa sindano safi maambukizo hupungua, wala wajidungaji hawazidi kwa sababu hiyo. Lakini serikali ilipotangaza mwaka 2012 kuwa itagawa sindano, viongozi wengi wa dini wa Pwani walipinga vikali. Nao walikuwa na haki ya kuuliza. Sheikh aliyewazika watoto wa jirani zake kwa sababu ya unga, ukimletea sindano bila ya maelezo ataona unamletea bunduki ya pili.

Lililosaidia ni kukaa kitako. Wanavyuoni wetu wanaijua vyema kanuni ya kuwa madhara mawili yakikutana, na huna budi na moja, huchukuliwa lililo jepesi. Kijana aliye hai na sindano safi anaweza kutubia kesho. Aliyezikwa hawezi. Mashirika ya wenyeji kama vile Omari Project la Malindi, na Reachout na MEWA hapa Mombasa, yalizungumza na watu kwa lugha hiyo, maana yametoka katika mitaa hiyo hiyo. Mwaka 2015 hospitali ya Malindi ikaanza kutoa methadoni, dawa inywewayo badala ya kudungwa. Ubishi haujesha wote, lakini angalau tumetoka katika kulaaniana tukaingia katika kuulizana.

MIGUU IKIKATWA

Nimesema ilimu haina miguu. Basi na miguu tuliyoipachika hukatika. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani, iliyokuwa ikilipia sehemu kubwa ya kazi hizi, ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafula. Baadaye iliruhusu dawa za wagonjwa na kinga ya watoto wachanga ziendelee, lakini tohara haikuwemo katika vilivyosamehewa, na vidonge vya kinga vikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Ilimu ya Kisumu haikubadilika hata herufi moja. Kilichoondoka ni mshahara wa muuguzi na mafuta ya gari lililobeba hema. Nchi iliyoyafanya majaribio kwa miili ya vijana wake haifai kungoja mfuko wa jirani ili iyatumie matokeo yake.

Na haya si ya jana tu, kwani ilimu mpya imo njiani. Mwaka 2024 ulitangazwa utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda wa dawa iitwayo lenakapaviri, ambayo hudungwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika wasichana na wanawake 2,134 waliodungwa, hakuambukizwa hata mmoja. Mwezi wa Julai 2025 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, na Kenya ni miongoni mwa nchi za kwanza zilizopangiwa kuipata. Sindano hiyo hailii kikoponi wala haihitaji kufichwa chini ya godoro. Wanawake wa Bondo, bila ya wao kujua, ndio waliotufundisha kuwa kitu kama hicho kinahitajika.

Hata hivyo nayo itakuwa na maswali yake. Watu watauliza imetoka wapi, inazuia uzazi au haizuii, mume ataambiwa nini, na mbona wanadungwa watoto wetu na si wa wenye dawa. Atakayetangulia kuyajibu, awe daktari, imamu, kasisi au mwandishi kama mimi, na ajibu kwa lugha ya muulizaji, wala asione swali kuwa ni ujinga. Mimi nimekua na ada ya kufunga maneno kwa ubeti, na huu ndio wangu wa leo kwa wabeba ilimu wote:

Ilimu bila miguu, haifiki kijijini,
Hata itoke ya juu, kwa mabingwa wa chuoni,
Usibishe kwa makuu, bisha hodi mlangoni,
Ukaribishwe nyumbani, uketi na wenye mji.